Deki ya boti ikianza kubonyea, ifungue kabla ya kuimwagia gundi

Panda boti yoyote ya tanga ya faiba iliyotimiza miaka 20 au 30, vua viatu, utembee polepole kutoka omo hadi tezi ukikanyaga kwa kisigino. Mahali pengi mguu utagonga kama uko juu ya sakafu ya saruji. Halafu, karibu na mlingoti au kando ya nguzo ya reli, deki itashuka kidogo chini ya kisigino kisha irudi, kama godoro. Pengine utasikia na sauti ndogo ya maji yakifinywa.

Ukimuuliza muuzaji atakwambia, "Hiyo ni kawaida, faiba hubonyea." Si kawaida. Boti hiyo haikubonyea ilipotoka kiwandani, na ikiwa inabonyea leo basi ndani ya deki kuna kitu kimeoza.

Naandika haya kwa sababu boti za aina hii zinazidi kuingia mikononi mwa watu wa Pwani. Katika kriki za Kilifi na Mtwapa hutia nanga boti za wageni waliovuka bahari, na baadhi yao wakichoka na safari huziuza papo hapo. Mwenyeji huona bei nafuu, akapiga hesabu ya kupakia watalii wakati wa machweo, akaona tanga zuri na injini inayowaka. Deki atatengeneza baadaye. Wakati huo nguzo ya reli imesimama juu ya mbao iliyooza na inaonekana imara kabisa, mpaka siku abiria wa kilo 90 anapoiegemea boti ikiwa imelala upande kwa upepo wa kusi. Nguzo ikitoka na bolti zake, aliyeiegemea anaenda nayo.

Kwa hivyo kazi hii si ya urembo. Na si ngumu kama inavyosemwa, ila inataka subira, na inataka mtu akubali kukata deki ambayo kwa macho haina kasoro.

Kilicho ndani ya deki

Wengi hudhani deki ya faiba ni kipande kimoja cha faiba. Zipo chache za namna hiyo, lakini nyingi zimetengenezwa kama mkate uliojazwa kitu katikati. Juu kuna ngozi ya faiba ya milimita 3 hadi 5, chini kuna ngozi nyingine nyembamba zaidi, na katikati kumelala kiini cha mbao nyepesi ya balsa, plaiwudi, au povu gumu, chenye unene wa kama sentimita moja hadi mbili.

Sababu ni ugumu. Ubao ukiongezwa unene mara mbili, ugumu wake dhidi ya kupinda huongezeka kama mara nane. Kiini hakihitaji kuwa na nguvu nyingi chenyewe. Kazi yake ni kuziweka zile ngozi mbili mbalimbali na kuzishikanisha, ili mtu akikanyaga, ya juu ikandamizwe na ya chini ivutwe, na zote zifanye kazi pamoja. Kiini kikioza au kikiachana na ngozi, unabaki na maganda mawili ya faiba, kila moja likipinda peke yake. Na kila likipinda, linausaga ule ubao uliobaki na kupasua rangi ya juu, maji yakazidi kuingia. Ndiyo maana sehemu ya ukubwa wa sahani mwaka huu inaweza kuwa ya ukubwa wa sinia mwaka ujao.

Balsa ni mti wa Amerika ya joto, na Ekuado ndiyo inayouza nyingi zaidi duniani. Ni ile mbao nyepesi ya ndege za kuchezea. Thor Heyerdahl alifunga magogo yake mwaka 1947, akaelea siku 101 kutoka Peru hadi visiwa vya Polinesia kwa chelezo alichokiita Kon-Tiki, kwa hivyo usidhani ni mbao ya aibu baharini. Kwenye deki hukatwa vipande vidogo vya mraba na kusimamishwa, nyuzi zake zikielekea juu na chini kama vigingi. Maji hupita haraka kufuata nyuzi na hupita polepole sana kukatiza nyuzi, kwa hivyo balsa iliyosimamishwa hivi huchelewesha maji kusambaa kando. Huchelewesha tu. Kati ya kipande na kipande kuna mianya, na kama kiwandani haikujazwa resini vizuri, maji huitumia kama mfereji. Plaiwudi nayo ina nyuzi zilizolala, kwa hivyo maji yakiingia kwenye bolti moja unaweza kuyakuta futi mbili mbele.

Yameingilia wapi

Karibu kila mara maji hayakupita kwenye faiba. Yamepita kwenye tundu lililotobolewa na mtu: la bolti ya nguzo za reli, la winchi, la vyuma vya kufungia kamba, la reli ya tanga, la fremu ya dirisha la juu, na lile la vyuma vinavyoshika waya za mlingoti pale vinapopenya deki. Kiwandani tundu lilitobolewa, likapakwa gundi ya kuziba, bolti ikapita katikati ya balsa tupu. Gundi ile ikikauka kwa jua, hakuna kingine kinachozuia maji. Nguzo za reli ndizo mbaya zaidi kwa sababu kila anayepanda kutoka kwenye mtumbwi huzishika na kujivuta, na kila mvuto hulegeza gundi kidogo.

Kuna jambo ambalo wenye vyombo vya mbao walilijua zamani: mbao huozeshwa na mvua kuliko bahari. Kuvu wanaokula mbao hawapendi chumvi. Ndiyo maana mabaharia wa vyombo vya mbao huimwagia deki maji ya bahari, jambo ambalo mgeni huliona kama uchafuzi. Kwa boti ya faiba iliyofungwa kriki mwaka mzima bila kusafiri, adui mkubwa si mawimbi ya mkondoni bali ni masika, mvua tamu inayosimama kwenye deki miezi mitatu, na joto letu ambalo kuvu wanalipenda.

Kutafuta ukubwa wa ugonjwa

Mguu hukuambia pameoza. Haukuambii pameoza hadi wapi.

Chukua bisibisi kubwa, ishike upande wa chuma, ugonge deki kwa mpini wa plastiki, kila baada ya sentimita tano. Deki nzima hujibu kwa sauti kavu na ya juu. Iliyooza au iliyoachana hujibu kwa sauti nzito, butu, kama kugonga boga lililoiva kupita kiasi. Yeyote aliyewahi kukaa na fundi wa kalafati pale jahazi linapotengenezwa anaijua kazi hii, kwani fundi yule anapogonga pamba kwenye mwanya wa mbao hasikilizi kwa macho. Chora mpaka kwa chaki. Kisha rudia kesho asubuhi kabla ya jua kupanda, bila kuangalia alama za jana. Mara nyingi mpaka utasogea nje.

Mita ya unyevu husaidia lakini hudanganya karibu na chuma, na deki yenye chumvi juu huonekana imelowa hata kama ndani ni kavu. Iosheni kwa maji matamu, ikauke, ndipo mpime. Ushahidi wa kweli ni tundu dogo. Ukiwa ndani ya kabini, ondoa dari, toboa ngozi ya chini tu kwa keekee ya milimita 5, kisha tazama unga unaotoka. Unga mweupe mkavu unaopeperuka ni afya. Wa kahawia unaoshikana ukiufinya ni maji. Mweusi wenye harufu ya majani yaliyooza hauhitaji maelezo. Fuata matundu hayo kutoka katikati kwenda nje hadi upate unga mkavu pande zote. Jiandae kukuta eneo mara mbili ya lile lililobonyea chini ya mguu.

Njia ya mkato na kwa nini inashindwa

Dawa inayopendwa ni kutoboa matundu mengi madogo juu ya deki na kumwagia epoksi nyembamba mpaka ishibe. Siku moja imekwisha, matundu yanazibwa, deki inagonga kama jiwe, mteja analipa.

Nimeifanya mwenyewe. Ilikuwa boti ya futi 30, sehemu ya kama mita moja ya mraba mbele ya mlingoti, na mwenyewe alikuwa na wageni wikendi ile. Tulitoboa, tukakausha siku tatu kwa feni, tukamwaga. Msimu mmoja deki ilikuwa sawa. Baada ya masika ya pili ilibonyea upya na sasa pembeni pia. Tulipoikata tulikuta vijiti vya epoksi vimesimama kama mishumaa, kila kimoja pale tulipotoboa, na katikati yake uji wa balsa uliolowa. Epoksi haishiki mbao iliyolowa, wala haiwezi kusafiri ndani ya mbao ambayo nafasi zake zote zimejaa maji. Ilikwenda palipokuwa na hewa tu. Na pale tulipomwaga nyingi, tuliongeza uzito juu ya boti ambapo uzito hautakiwi. Kazi ya pili niliifanya kwa gharama yangu, nikakata eneo kubwa kuliko ambalo ningelikata mara ya kwanza.

Iko hali moja ambapo njia hii inafaa: ngozi imeachana na kiini lakini kiini chenyewe ni kikavu na kigumu, na umelithibitisha hilo kwa unga wa matundu kadhaa. Hapo epoksi inajaza mwanya mwembamba na kugundisha tena. Kwingineko kote, fungua.

Kuifungua

Kwanza amua wakati. Miezi mizuri ya kukausha kwetu ni Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua haba. Ndiyo hiyo hiyo miezi ya wageni, na hapa ndipo mwenye boti hushikwa na tumbo. Atataka kazi ifanywe Mei, boti ikiwa haina kazi, na Mei ndiyo mvua. Ikibidi Mei, jenga banda la turubai juu ya boti nzima na uhesabu muda mara mbili. Mimi humwambia mteja achague kupoteza wiki tatu za Februari au kupoteza masika nzima, na wengi wakishapiga hesabu huchagua Februari.

Kama mlingoti umesimama juu ya deki na mbao chini yake ndiyo iliyooza, usiguse kitu kabla mlingoti haujashushwa. Vivyo hivyo vyuma vya waya za mlingoti. Na kabla ya kukata eneo lolote kubwa, egemeza deki kutoka chini kwa boriti na vipande vya mbao, la sivyo mgongo wa deki utalala na utaugundisha ukiwa umelala.

Toa vyuma vyote vya eneo lile. Kwenye tundu la bolti pima unene wa ngozi ya juu, kisha uweke kina cha msumeno wa umeme au diski ya grainda kwenye kipimo hicho na nusu milimita zaidi. Kata kufuata sehemu laini za deki, si katikati ya ile michoro ya kuzuia utelezi. Pembe ziwe za mviringo. Inua ngozi kwa patasi pana polepole. Palipooza itanyanyuka kama kifuniko cha sufuria. Itakapoanza kung'ang'ania, na vipande vya balsa nyeupe vikachanika nayo, umefika kwenye mbao nzima. Itunze ile ngozi, utairudisha.

Kiini kilicholowa toa chote kwa patasi, bila huruma na bila kutoboa ngozi ya chini, ambayo mara nyingi ni nyembamba kama ganda la nazi lililosuguliwa. Endelea mpaka balsa iwe kavu na nyeupe pande zote. Kama mbao mbovu imeingia kidogo chini ya ukingo usiotaka kuukata, pinda msumari mnene, ufunge kwenye drili, na uuzungushe humo ndani mpaka utoe uozo.

Kisha subiri. Hatua hii ndiyo inayorukwa. Ukingo wa balsa iliyobaki umenyonya unyevu hata kama unaonekana mkavu. Feni, taa ya joto, jua la mchana, turubai usiku kwa ajili ya umande. Wiki mbili si nyingi. Funika kipande kwa nailoni safi, ubandike kingo kwa utepe, na ukikuta jasho chini ya nailoni asubuhi, bado.

Ngozi ya chini isugue kwa msasa namba 40 au 60 mpaka iwe butu kote, fagia, futa kwa asetoni na kitambaa safi. Usiivukize vumbi kwa kompresa yenye mafuta.

Kiini kipya

Balsa ya kusimama ndiyo inayorudisha deki ilivyokuwa, na kwa kuwa imekatwa vipande vidogo juu ya wavu, inafuata mgongo wa deki yenyewe. Huagizwa nje na bei yake inauma. Povu gumu la kuundia boti halioi kabisa, nalo huagizwa. Plaiwudi ya majini inapatikana kwa urahisi zaidi, ni nzito zaidi, na inafaa hasa chini ya winchi na vyuma vya kamba. Kama deki ina mgongo, tumia tabaka mbili za milimita 6 badala ya moja ya 12, zitapinda bila kupigana nawe. Usiamini muhuri wa dukani. Kata kipande kidogo, kichemshe saa kadhaa, kikaushe, ukichemshe tena. Kikifumuka kama kitabu, kirudishe au kifanye kabati.

Pima kiini kikiwa kikavu kabla ya gundi yoyote. Plaiwudi itoboe matundu madogo hapa na pale ili hewa itoke. Paka epoksi tupu kwenye ngozi ya chini na kwenye kiini pande zote, na balsa ipakwe mara mbili kwa sababu ncha zake hunywa. Halafu changanya epoksi na poda ya silika mpaka iwe nzito kama siagi ya njugu, itandaze kwa mwiko wenye meno, lalisha kiini na ukisukume mpaka gundi ichomoze kwenye matundu na pembeni. Isipochomoza, kuna hewa chini. Funika kwa nailoni, panga mifuko ya mchanga, uende nyumbani.

Epoksi na joto letu

Hapa ndipo mafundi wazuri wa polista huharibu kazi. Wameunda na kukarabati boti za faiba kwa resini ya polista, ambayo hadna yake ni matone, asilimia moja au mbili, na mtu akitaka ikaze haraka huongeza kidogo. Epoksi haiko hivyo, ingawa nayo huja na kopo la pili linaloitwa hadna vilevile. Hadna ya epoksi ni sehemu ya gundi yenyewe, si kichocheo. Ikiwa kiwanda kimesema 5 kwa 1, ni 5 kwa 1. Ikiwa ni 2 kwa 1, ni 2 kwa 1. Ukiongeza haitakaza haraka. Itabaki kama mpira milele, na utaikwangua yote. Angalia pia kama kipimo ni cha ujazo au cha uzito, kwani namba hizo hazilingani.

Kwa nini basi tusibaki na polista, iliyo rahisi? Kwa sababu polista mpya hushika vibaya faiba kuukuu iliyokwisha kukaza, na hushika mbao vibaya zaidi. Boti mpya inajengwa polista juu ya polista mbichi. Ukarabati ni jambo jingine.

Joto nalo. Kila nyuzi joto 10 zikipanda, muda wa kuitumia epoksi hupungua kama nusu. Maelezo ya kopo yameandikwa kwa chumba cha Ulaya. Mchana wa Kilifi, kikombe kilichojaa epoksi huanza kutoa moshi na kuyeyusha plastiki kabla hujamaliza kupaka. Nunua hadna ya polepole, changanya kidogo kidogo, na ukimaliza kuchanganya mimina kwenye sahani pana mara moja, kwa sababu ikikaa kikombeni inajipasha joto yenyewe.

Na paka mbao alasiri, si asubuhi. Asubuhi jua linapopanda hewa iliyomo ndani ya mbao hupanuka na kutoka kwa viputo kupitia gundi yako. Alasiri mbao inapopoa hewa hupungua na kuivuta gundi ndani. Epoksi ni ile ile na fundi ni yule yule, ila saa imebadilika.

Mambo mawili madogo zaidi. Ule mkeka wa faiba wa nyuzi zilizokatwakatwa, unaouzwa kwa polista, mara nyingi umeshikanishwa kwa gundi inayoyeyushwa na polista lakini haiyeyuki kwa epoksi, basi hubaki mgumu na mweupe. Tumia kitambaa kilichofumwa. Pili, epoksi iliyokaza huweza kutoa utelezi juu yake kama nta, hasa hewa ikiwa na unyevu kama yetu. Msasa hauuondoi, unausambaza. Uoshe kwa maji na sponji ngumu kwanza, kisha msasa.

Vaa glavu na nguo za mikono mirefu. Vumbi la faiba huwasha na halifai kuingia kifuani, kwa hivyo barakoa ya kweli, si kitambaa. Epoksi mbichi ikikugusa ngozi mara nyingi, siku moja mwili utaikataa, na ukishaikataa huwezi tena kufanya kazi hii. Ukijipaka, futa kwa siki kisha sabuni, usifute kwa asetoni maana inaipenyeza ndani.

Kurudisha ngozi

Ngozi uliyoitunza isugue upande wa chini, igundishe juu ya kiini kipya kwa epoksi ile nzito, weka mizigo tena. Sasa umebaki na mfereji wa msumeno kuzunguka eneo lote, na huu hauzibwi kwa gundi tu, kwani utapasuka mwaka wa kwanza. Chonga mteremko pande zote mbili za mfereji kwa grainda, upana mara 12 ya unene wa ngozi. Ngozi ya milimita 4 inataka mteremko wa karibu sentimita 5 kila upande. Unaonekana mwingi mno na kila anayepita atakuuliza kwa nini unaharibu deki nzima. Ni upana huo unaorudisha nguvu, kwa sababu kitambaa kipya kinashika faiba kuukuu kwa eneo pana. Jaza bonde hilo kwa tabaka za kitambaa zinazopishana upana mpaka ulingane na deki, kisha poda nyepesi ya kusawazisha na msasa mrefu.

Epoksi huharibiwa na jua, basi lazima ipakwe rangi, na rangi iwe nyeupe au ya karibu na nyeupe. Deki ya buluu iliyokoza kwa jua la Machi hupata joto la kulainisha epoksi iliyokaza kwa hewa ya kawaida. Kwa kuzuia utelezi, nyunyiza sukari nene juu ya rangi mbichi, ikikauka ioshe kwa maji ya uvuguvugu. Sukari inayeyuka na kuacha vidimbwi vidogo vinavyoshika mguu bila kuchubua goti. Wanaotumia mchanga wasiuchote ufuoni, una chumvi.

Tundu la bolti

Ukirudisha bolti kwa namna ile ile ya kiwandani, umeanza hesabu upya ya kuoza. Kila tundu litobolewe kubwa kuliko bolti, kwa mfano milimita 16 kwa bolti ya milimita 8. Kwangua balsa kidogo zaidi pembeni kwa ule msumari uliopindwa, ziba chini kwa utepe, mimina epoksi tupu ili mbao inywe, kisha ujaze epoksi nzito mpaka juu. Ikikaza toboa tundu la bolti katikati yake. Sasa bolti inapita ndani ya jiwe la epoksi, na hata gundi ya kuziba ikichoka, maji yataingia kabini ukayaona badala ya kuingia kwenye kiini usiyaone.

Panua kidogo mdomo wa juu wa tundu kwa keekee ya mteremko ili gundi ya kuziba ipate mahali pa kukaa kama pete. Usitumie silikoni ya bafuni, kwani rangi haishiki tena mahali ilipogusa na ikichoka huwezi kuisafisha. Tumia gundi ya boti au utepe wa mpira wa butili. Chini ya deki weka bamba la chuma cha pua au plaiwudi nene, si washa ndogo peke yake. Wakati wa kukaza, mtu mmoja ashike kichwa cha bolti juu kisizunguke na mwenzake akaze nati kutoka chini, maana bolti ikizunguka inachana ile pete.

Boti inayobeba abiria hukaguliwa na mamlaka ya bahari, KMA. Mmiliki asisubiri mkaguzi aitikise nguzo. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha baada ya kazi, ingia kabini na karatasi kavu ya chooni, upanguse chini ya kila nati moja moja. Ikilowa popote, toa bolti ile siku hiyo hiyo.